Mama na Dalmas Ndani ya Bata Mmoja

S.L.P. 3316,
Kisumu.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Jentrix,

Mimi mdogo wako Dorca nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku Nyamasaria. Mguu wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za shule kwa kusimama-simama. Na shemeji Abeid, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie tangawizi bila asali ni kujitesa bure. Huko Mtwara mikorosho imeshachanua? Nijibu yote haya, usiruke hata moja, maana nakujua, wewe hujibu lile unalolipenda tu.

Sisi huku hatujambo. Anyango amefunga shule, na urefu aliouongeza muhula huu sijui ni ugali gani anaokula. Baba yake, Dalmas, naye mzima, friji mbovu za watu ndizo zinazotulisha kama kawaida. Hivi ninavyoandika yuko uani anahamisha friji kumi na moja, moja baada ya nyingine, jasho linamtiririka na wala halalamiki. Sababu yake utaipata mbele.

Dada, nina mambo! Tangu jana nacheka peke yangu jikoni mpaka Anyango ananichungulia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu, au kwa nini sikuandika kwenye lile kundi letu la familia. Mama amekataza. Ndani ya bahasha hii utakuta picha moja, na Mama amesema isiingie kwenye simu ya mtu yeyote, kwa sababu ikiingia kwangu itafika Sondu kabla yeye hajafika. Iko hiyo moja tu. Kama umeshaitoa, irudishe ndani, usome kwanza. Na nakuandikia Kiswahili ili shemeji Abeid naye asomewe acheke, kwa kuwa jambo hili yeye alilianza.

Unakumbuka siku uliyomleta nyumbani mara ya kwanza? Akamwendea Mama na shikamoo yake ya pwani, mkono ameunyoosha, anataka kuubusu wa mama mkwe wake kama walivyofunzwa kwao. Mama alikimbilia jikoni, akafunga mlango kwa ndani! Maskini shemeji alidhani amemtukana. Ikabidi mumweleze kwamba kwetu sisi maro, yaani mama mkwe, na mkwe wake huheshimiana kwa kupishana. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawaketi benchi moja, na maro halali chini ya paa la mkwe. Kadiri mnavyokaa mbali ndivyo mnavyopendana. Basi Dalmas na Mama wamependana hivyo miaka kumi na minne. Mmoja akiingia, mwingine ameshatokea mlango wa nyuma.

Mimi sikuwahi kuona ubaya wa desturi hiyo mpaka macho ya Mama yalipoanza kufa.

La kushoto unajua lilikwisha tangu lilipochomwa na jani la muwa. Hilo la kulia, lililobaki, mtoto wa jicho amelifunika. Daktari alimpa tarehe ya upasuaji mwezi wa tano, Mama hakwenda. Akampa nyingine mwezi wa sita, hakwenda. Akampa ya tatu, Jumatano hii inayokuja, na mimi akaniambia wazi kwamba tukizidi kuchelewa jicho lenyewe linaweza kuharibika lisitibike tena. Kupasuliwa Mama haogopi. Anachoogopa ni zile siku kumi na nne za baadaye: dawa idondoshwe kila baada ya saa chache, asiiname, asikaribie moshi. Kule Sondu yuko peke yake na mafiga yake. Kaka yetu Owiti yuko Nairobi, chumba kimoja na watoto watatu. Pamebaki kwangu, na kwangu ni kwa Dalmas. Kila nilipomwomba alinijibu maneno yale yale: “Mwanangu, bora nisione kuliko nionekane nikilala kwa mkwe.”

Nimelia juu ya jambo hili, dada. Sikukuambia kwa sababu ungelia na wewe, na Mtwara ni mbali.

Sasa jana Jumapili Mama alikuja mjini kwa ibada ya kina mama wa kanisa. Nikasema leo nampeleka ile bustani mpya ya ufukweni, apigwe na upepo, ale samaki, halafu nimwombe kwa mara ya mwisho. Mtu aliyeshiba hupungua ubishi. Shida ni kwamba siku hiyo hiyo Dalmas alikuwa amemwahidi Anyango kumpeleka pale pale. Mtu mwenye akili angeahirisha moja. Mimi nikapanga: Dalmas na Anyango wakae upande wa maji, Mama nimweke upande wa wakaanga samaki, na saa tisa Dalmas aondoke kwa lango la nyuma. Mshika mbili moja humponyoka, lakini mimi huwa naikumbuka methali baada ya kuponyokwa.

Dada, ungeiona bustani hiyo! Kisumu imeamka. Spika tatu zinapiga nyimbo tatu na kila mtu anacheza wimbo anaoutaka. Kuna lile jumba la kujazwa upepo ambalo watoto wanarukaruka ndani mpaka viatu vinapotea. Kuna farasi mmoja mchovu anayetembezwa na mwenyewe, watu wanapanga foleni kumpanda, na watu wazima ndio waoga kuliko watoto. Kuna wapiga picha wenye mashine za kutolea picha hapo hapo, wamezitundika shingoni. Korongo wakubwa wanatembea katikati ya watu, mikono nyuma kama wazee wa baraza, wakisubiri vichwa vya samaki. Kwaya moja ya kanisa imekuja na kanzu zake za kijani, inaimba karibu kabisa na maji. Nilimshika Mama mkono, namsimulia kila kitu, naye anauliza, “Ni nini hicho chekundu?” na kumbe ni mwanamke amevaa gauni.

Na kwenye gati dogo la mbao kuna maboti meupe yenye umbo la bata. Shingo ndefu mbele, mabawa yameinuka pande zote mbili, na ndani viti viwili vya kubanana. Unaendesha kwa miguu kama baiskeli. Msimamizi wake ni mama mmoja mwenye sauti anaitwa Perez, na mtu hakanyagi gati lake bila jaketi la kuelea, hata awe mchungaji.

Nilimkalisha Mama kivulini, nikaenda kupanga foleni ya samaki, ngege wa kukaanga. Nikamwambia asiondoke. Mama na kwaya unamjua. Niliporudi na sahani, benchi lilikuwa tupu.

Yaliyotokea nimeyapata kwa wote wawili, kila mmoja akinipa nusu yake kwa wakati wake, nikaziunganisha.

Mama alifuata sauti ya kwaya mpaka karibu na gati. Anyango alikuwa na baba yake pale wakingoja zamu, jaketi Dalmas ameshavaa. Anyango akamwona bibi yake, akapiga kelele za furaha: “Dani! Dani! Na Baba yuko hapa!”

Dalmas kusikia hivyo damu ikamruka. Akatafuta pa kupita, gati lina njia moja tu na mama mkwe yuko mdomoni. Akafanya heshima iliyomjia: akaingia ndani ya bata, akajikunja nyuma ya bawa, uso akaugeuzia ziwani.

Mama naye kusikia kwamba mkwe yuko hapa, na haoni ni hapa wapi, akatafuta pa kujificha. Mbele yake akaona kitu kikubwa cheupe chenye kuta. Akakiendea. Perez akamdaka: “Mama, bila jaketi hakuna kuingia!” Akamvika. Jaketi likamfika kidevuni, Mama akafurahi kwa kuwa limemficha zaidi. Akaingia ndani ya bata, akaketi, akaona kivuli cha mwanamume karibu yake kimegeuka upande wa pili. Akamnong’oneza: “Baba, sogea kidogo unifiche. Mkwe wangu anapita hapa.”

Jentrix! Alimwambia Dalmas mwenyewe!

Dalmas anasema ulimi uligoma. Angejibu, sauti yake ingejulikana. Angeinuka, angemgusa. Akasogea kama alivyoombwa. Na Perez, ambaye anaona wateja wawili wameketi vizuri na majaketi yao, akafungua kamba. “Mzee na Mama, mko sawa? Msiogope, hiyo bata haizami!” Akawasukuma.

Mimi nilifika na sahani ya samaki mkononi nikaona mama yangu na mume wangu wanaelea pamoja kuelekea Uganda. Samaki waliniponyoka. Korongo mmoja akamaliza kazi.

“Ni mimi, maro,” Dalmas akasema hatimaye, uso bado uko ziwani.

“Yawa!” Mama akasema. “Yawa, yawa, yawa!” Akajifunika kitambaa cha kichwa mpaka machoni, kana kwamba alikuwa anaona sana.

Dalmas akaanza kukanyaga pedeli kwa nguvu ili warudi haraka. Lakini bata yule anataka miguu ya watu wawili. Akikanyaga mmoja anazunguka tu. Wakazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu ufukweni wanashangilia, wanadhani ni mzee na mkewe wanafurahia maisha! Na Dalmas hawezi kumwambia Mama akanyage, kwa sababu ni mkwe gani atamtajia maro wake miguu? Akasema, “Maro, chombo hiki... kinaomba msaada wa chini.” Mama akazidi kuvuta kitambaa. Dalmas akasema tena, “Upande wako, maro, kuna vyuma viwili vina njaa.” Mama anasema aliuma midomo asicheke, maana kucheka na mkwe nako ni kosa.

Wakati wanazungushana hivyo upepo uliwasukuma mpaka kwenye magugu maji. Unayajua yalivyo, kijani tupu, yameshikana kama zulia. Na hapo, dada, ndipo kicheko kilipoisha. Mama aliona kijani pembeni yake. Akasema, “Ashukuriwe Mungu, tumefika kwenye nyasi. Mimi nashukia hapa.” Akainuka. Akatoa mguu nje.

Mimi nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Perez naye akapiga. Dalmas aligeuka, akamwona mama mkwe wake anataka kukanyaga maji akidhani ni nchi kavu, akamshika mkono. Akamshika kwa mikono miwili, akamvuta, akamkalisha. Hakumwachia.

Walikaa hivyo. Miaka kumi na minne hawajawahi kugusana hata ncha ya nguo.

Dalmas akasema, “Mama.” Hakusema maro, alisema Mama. “Mama, macho yamefika hapa? Na wewe ulikuwa unatupita uani unatusalimia kama mtu anayeona?”

Mama akasema, “Nilikuwa nahesabu hatua.”

Basi wakazungumza. Wote wanatazama mbele, kwenye shingo ya bata, hakuna anayemtazama mwenzake, na nadhani ndiyo maana waliweza. Dalmas akamwambia kwamba kama desturi imewekwa ili mkwe amheshimu maro, basi yeye hajui ataheshimu nini akimwacha apofuke. Mama akamwambia anaelewa, ila chini ya paa lake halali, na asimlazimishe kuwa mtu ambaye siye. Halafu Mama akauliza, polepole, kama anayeuliza habari za soko: “Anyango ana nyumba?”

Bibi hulala kwa mjukuu wake bila mwiko wowote, hilo unalijua. Na Dalmas, mtoto wa watu ambaye hajawahi kumdanganya mtu hata bei ya gesi ya friji, akajibu papo hapo: “Anayo, maro. Ile ya uani. Ufunguo anao mwenyewe.”

Dada, ile ya uani ni stoo ya friji!

“Basi,” Mama akasema, “Jumatano nitakwenda. Sasa nionyeshe hivyo vyuma vyenye njaa.”

Wakakanyaga wote wawili. Bata akanyooka, akarudi gatini shingo juu. Watu wakapiga makofi, kwaya ikapaza sauti, na mpiga picha mmoja akawapiga hawajui. Perez, alipoelezwa kwamba yule ni mtu na maro wake, alikaa chini kwenye mbao akashika kichwa. “Aki Mama nisamehe, mimi nilijua ni bibi na bwana!” Mama akamwambia, “Usirudie neno hilo.” Lakini ndiye aliyeniambia niinunue ile picha. “Kabla haijanunuliwa na mtu mbaya,” akasema.

Hiyo ndiyo sababu friji zinahamishwa. Zimejaa chini ya turubai mpaka langoni, na Anyango ameandika kwa chaki mlangoni: KWA ANYANGO. PIGA HODI. Barua naiacha hapa kwanza, nitaimalizia baada ya Jumatano. Sitaki ufurahi nusu.

Ijumaa, 15 Agosti

Dada, Mama anaona!

Jumatano walimpasua, jana asubuhi wakamfungua bandeji. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, nasali kwa macho wazi. Akapepesa. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, “Dorca, umenenepa hivi bila kuniambia?” Nililia mbele ya daktari bila aibu. Anyango alipoingia, Mama alimshika uso, akamgeuza huku na huku, akasema amefanana na wewe paji la uso. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasoma mabango kwa sauti, hata ya rangi za nyumba, hata ya mazishi.

Sasa yuko nyumbani kwa Anyango, anapokea wageni. Dawa namdondoshea mimi. Asubuhi Dalmas husimama nje mbali kidogo, anakohoa, anauliza, “Maro, umeamkaje?” Naye hujibu kutoka ndani, “Nimeamka vizuri, mkwe wangu, na wewe?” Wameyarudia yale ya zamani kama vile hakuna bata aliyewahi kuzaliwa. Mimi sasa siyachukii tena.

Nisalimie shemeji Abeid, umwambie mkono wake ulikataliwa lakini haukusahauliwa. Wasalimie watoto wote, na mama mkwe wako, yule mnayekula naye sahani moja. Owiti anakusalimu. Perez wa mabata naye anawasalimu ukoo mzima, ametuahidi safari moja ya bure, Mama amekataa. Mungu akulinde, mguu unyooke, na ugali wako usikose samaki.

Mimi wako wa tumbo moja, ninayekupenda hata ukichelewa kujibu,

Dorca

Dada, ngoja. Nimetoka kwa Mama sasa hivi, nilikwenda kuchukua ile picha niifunge humu. Nilimkuta ameketi kwenye mwanga wa mlango, picha ameisogeza karibu na jicho lake jipya. Humo Dalmas anacheka, mdomo wazi, jaketi limempanda masikioni. Mama hakugeuka. Akasema, “Kumbe ana mwanya.”

Nikasema ndiyo, anao.

“Miaka kumi na minne, Dorca. Na hukuwahi kuniambia mkwe wangu ana mwanya.”

Wakati huo huo Dalmas akapita uani na kopo la maji, uso ameugeuzia ukutani kama kawaida yake, na Mama akainamisha kichwa kama kawaida yake, akitazama picha. Nilipomwomba anipe niitume, aliitia chini ya mto.

Kwa hiyo usiitafute ndani ya bahasha. Anasema ukitaka kuiona, uje.